Nilipaka Nyekundu kwa Kubahatisha

Mpendwa Bi. Noh, mshauri wetu wa gazetini, nakuomba unisaidie na unisaidie upesi, maana Jumamosi haiko mbali, na tangu wiki iliyopita chakula hakinipiti kooni, mume wangu ananiuliza mbona nakonda nami namjibu ni jino.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, tuna karakana ndogo ya kukereza vyuma hapa Mullae, mashine mbili, jiwe la kunolea la umeme na rafu ya vyuma, mume wangu yuko kwenye mashine tangu akiwa na miaka kumi na saba, na mimi kwa miaka thelathini na sita napokea simu, nafagia, nafunga mizigo na kupika kahawa ya pakiti kwa kila anayeingia. Wewe mtaa wetu unaujua lakini acha niseme ili unielewe, sisi hatukimbilii dukani kila tunapotaka chuma, kinachobaki kwangu ndicho anachokitafuta jirani, mtu anasimama mlangoni anapiga kelele, "Una nyekundu ya hamsini?" yaani ya unene wa milimita hamsini, na wewe unajibu, "Ninayo, lete shaba tubadilishane," hakuna karatasi wala sahihi, kuna ile rangi tu iliyopakwa kwenye ncha ya chuma. Nyekundu ni kile kigumu, cha kubeba mzigo, njano ni cha kawaida, na ukiondoa rangi vyote viwili ni vyuma tu, vinang'aa sawasawa, hakuna anayeweza kuvitazama akakwambia kipi ni kipi. Ndiyo maana siku ya kwanza kabisa mtu anafundishwa kukata upande usio na rangi, ule wa rangi unabaki hadi mwisho, na anayekata upande wa rangi huchekwa mwezi mzima.

Sasa Bi. Noh, mume wangu macho yake yameingia ugonjwa. Mwanzo ilikuwa kama ukungu, halafu rangi zikaanza kumtoroka moja moja, huu mwaka wa pili nyekundu na njano zote kwake ni rangi ya matope, taa za barabarani anangoja mimi ninyanyue mguu ndipo naye anyanyue. Hospitali hataki. Anasema, "Wakijua sioni rangi, Mama Bo-ram, nimekwisha, hakuna atakayechukua hata msumari mkononi mwangu." Basi nikawa macho yake. Vyekundu naviweka kushoto, vya njano kulia, mtu akija kubadilishana naruka mimi kwanza, naongea sana, nacheka sana, na hata ile kazi ya kusoma cheche ambayo zamani mtaa mzima walimletea, wakibonyeza chuma kwenye jiwe na yeye anawaambia ni chuma gani, nimeiua taratibu, nawaambia jiwe letu bovu, maana nilijua cheche nazo ni rangi na ataumbuka mbele za watu.

Mwezi wa kumi na moja nilikwenda kwa dada yangu kule Gongju kusaidia kutia kimchi ya majira ya baridi, siku mbili tu, kabichi mia na ishirini tulizitia chumvi mpaka vidole vikachanika, na niliporudi nilimkuta mume wangu mlangoni anacheka. Sijamwona akicheka vile tangu macho yaanze. "Siku mbili peke yangu," ananiambia, "nimepokea kazi, nimekata, nimekereza, nimepeleka, na hakuna aliyejua kitu!" Alikuwa amenunua hata nyama. Nami nikaingia ndani kuweka mikebe ya kimchi, nikatazama rafu, nikaona vyuma viwili vya hamsini vimelala pamoja na vyote viwili havina rangi. Alikuwa amevikata vyote upande wa rangi, cha nyekundu na cha njano, vile vipande vya ncha keshavikereza na kuvipeleka kwa mteja, kazi yenyewe ya vishikizo vya meza, haikujali ni chuma gani, lakini yaliyobaki ndiyo hayo, mapande mawili marefu, matupu, mapacha.

Ningemwambia, ningesema nini, mtu anachoma nyama na kuimba? Na kuviacha vitupu pale jirani yeyote akiingia angejua Bang Chun-sik kakata upande wa rangi, fundi wa miaka arobaini na mitano kafanya kosa la mtu wa siku ya kwanza, na hapo wangeanza kumchunguza. Jumapili nilimwambia nakwenda kanisani, nikaenda karakana, nikafungua makopo mawili, nikasimama na brashi. Bi. Noh, sitasahau. Niliangalia hiki, nikaangalia kile. Nikakipaka kimoja nyekundu na kingine njano. Nilipaka kwa kubahatisha, nusu kwa nusu, nikajiambia si tutavitumia wenyewe kwa kazi ndogo ndogo, nitahakikisha.

Siku nne baadaye akaja Bwana Ma Dal-ho wa karakana ya pili kutoka kwetu, anamwita mume wangu kaka, wamekunywa pamoja tangu ujana. Mume wangu alikuwa amekwenda kunyoa. Ma akaingia na mdomo wake, "Mama Bo-ram, mzee wako siku hizi kawa bwana mkubwa, napita nampungia mkono na shati langu jipya hata haoni!" nikacheka, akasema anatafuta nyekundu ya hamsini, nikasema haipo. "Haipo vipi? Hiyo hapo inanichungulia," akaingiza mkono mpaka nyuma kabisa ukutani, nami nikashangaa vile viwili vimefikaje kule nyuma, akaivuta ile nyekundu. "Nakuletea shaba, ile uliyokuwa unaililia." Nilikuwa na nafasi, Bi. Noh. Mdomo ulifunguka. Nikasema, "Haya, chukua, na mke wako msalimie."

Wiki iliyopita tukiwa tunakula tambi za moto, yule mama wa kupeleka chakula kaweka sinia katikati, Ma anamwambia mume wangu, "Kaka, chuma chako kimepanda cheo! Nimetengeneza pini za lori la ngazi." Yale malori, Bi. Noh, yanayonyoosha ngazi hadi ghorofa ya kumi na tano kupandisha makabati na friji za wanaohama. Pini kumi na mbili. Mbili ziko kwenye lori tayari, kumi anazimalizia, zinachukuliwa Jumamosi. Mume wangu kwa masikio ya mashine hakusikia vizuri, akaitikia tu kwa kichwa. Mimi nikaanza kukusanya mabakuli, watu bado wanakula.

Tangu siku hiyo kila nikitoka naona lori la ngazi. Jana moja lilikuwa limesimama kule kwenye maghorofa na chini yake kuna mwanamke anafunga kamba ya kiatu cha mtoto, nikampigia kelele aondoke, akaniona mwendawazimu. Pini ikiwa ni ile ngumu, hakuna neno, watu wataishi na mume wangu atakufa na jina lake safi. Ikiwa ni ile nyingine siwezi hata kuandika. Nikisema, namuua mume wangu akiwa hai, na urafiki wa miaka thelathini unakatika. Nisiposema, nusu kwa nusu. Nimefikiria kuziiba hizo pini. Nimefikiria kumwomba Ma aniuzie zote bila sababu. Mume wangu hajui lolote, hajui alikata wapi, hajui nilipaka, anaamini zile siku mbili zilikuwa siku zake nzuri. Nifanye nini? Na tafadhali usinitaje.

Ni mimi mwenye brashi, Mullae.

*

JIBU LA BI. NOH

Mama Bo-ram, pole. Sasa kaa nikugombeze.

Unaniomba nisikutaje, halafu unaniandikia kwa bahasha ya karakana, jina la mumeo mbele na namba ya simu nyuma. Majina yote nimeyabadilisha, yako na ya wote, usiwe na wasiwasi. Lakini namba niliiona, na sijutii kuiona. Barua yako ilinifikia Jumanne saa nne asubuhi. Ukurasa huu unatoka Ijumaa. Ulitaka nikae na kalamu siku tatu nikitafuta maneno mazuri, na pini mbili ziko juu ya vichwa vya watu? Mimi baba yangu alikuwa mkerezaji, alipoteza vidole viwili, na chuma kikiachia huwa hakipigi hodi. Nikainua simu.

Yaliyofuata unayajua, lakini wasomaji wangu hawayajui, na nina sababu ya kuwaambia.

Simu ilipokelewa na mwanamume. Nikauliza Mama Bo-ram yupo. Akasema kaenda sokoni kununua figili, nani mwenzangu. Nilipaswa kudanganya. Nikasema, "Mtu wa gazeti."

 Akauliza, taratibu kabisa, "Kakuandikia habari ya rangi?"

Mama Bo-ram, nilikaa chini.

"Macho ndiyo yameharibika," akaniambia, "pua yangu haina ubaya. Ile Jumatatu nilifungua mlango, rangi mbichi inanuka karakana nzima. Nikapitisha kidole kwenye ncha za vile vyuma, kikanata. Nikajua nilikata wapi, na nikajua nani kapaka. Nikavisukuma nyuma ukutani visiguswe. Nangoja aniambie mwenyewe."

"Na kwa nini hukumuuliza?"

"Alikuwa amejitahidi sana nisijue."

Umesikia? Mwezi mzima mnakula meza moja, wewe unamficha yeye, yeye anakufichia kwamba kajua, na kila mmoja anamwonea mwenzake huruma. Huruma gani hiyo inayokaa kimya huku ngazi zinapanda?

Nikamuuliza, "Baba Bo-ram, viko vyote viwili?" Akaweka simu mezani. Nikasikia ndara zikiburuzwa, chuma kikigongana na chuma. Akarudi akihema. "Kimoja hakipo. Kachukua nani?"

Hapo nikavunja siri yako. Watakaoniandikia kunilaumu waniandikie, anwani wanayo. Nikamwambia kachukua Ma, na nikamwambia kachonga nini. Hakuniaga. Sikusikia hata akirudisha simu mahali pake, nilichosikia ni mashine aliyoiacha ikizunguka.

Ulinipigia jioni ukilia, ukanieleza mengine, nami nayaweka hapa kama ulivyonieleza. Alifika kwa Ma na ndara za ndani, akasema zima mashine. Ma akaanza utani wake, "Kaka, leo umeniona, au ni shati hili?" na mumeo akasema mbele ya mafundi watatu waliokuja kutafuta vyuma, "Dal-ho, mimi rangi sizioni. Huu mwaka wa pili. Kile chuma nilikikata upande wa rangi, na ile nyekundu uliyoiona ilipakwa kwa kubahatisha. Nipe masalio yake na niwashie jiwe."

Na wewe unayeniambia cheche ni rangi! Miaka thelathini na sita ndani ya karakana, mama, umefagia cheche ngapi? Chuma hakisomwi kwa rangi ya moto tu. Kinasomwa kwa jinsi cheche zinavyokwenda mbali, zinavyopasuka, zinavyogawanyika matawi, na matawi mumeo anayaona mpaka leo. Ungemuuliza angekwambia. Hukumuuliza, ulimwamulia. Ulimnyang'anya kazi moja aliyobaki nayo na ukaita kumlinda, kile chuma cha pili kimelala kwenu mwezi mzima na jiwe liko hatua nne tu.

Akabonyeza. Wote wakasogea nyuma, moto ukaruka, akautazama kwa kuinamisha kichwa. Akabonyeza tena kuhakikisha. Kisha akasema, "Hii njano."

Ni mtu asiyeiona njano aliyewaambia ni njano, na hakuna hata mmoja aliyembishia.

Ulisema Ma hakupiga kelele. Alikaa juu ya boksi la vifaa, akashika uso, halafu akampigia mwenye lori akamwambia asinyooshe ngazi hata ghorofa moja, azitoe zile pini mbili, anakuja mwenyewe kuzichukua. Na alipokata simu akamwambia mumeo, "Ungeniambia, kaka. Si ningekusomea rangi mimi?" Hilo ndilo neno uliloliogopa miaka miwili. Ulidhani watamzika. Kumbe kulikuwa na mtu mlango wa pili tayari kumpa macho yake, na nyinyi wawili mkamnyima nafasi.

Lakini usidhani mambo yameisha vizuri. Mwenye lori kamnyima Ma kazi, mteja wa miaka tisa, na ana haki. Ile brashi ilikuwa mkononi mwako. Mumeo kosa lake ni la macho, na la kujifungia na ugonjwa. La kwako ni la mdomo. Ma alipokuwa anakivuta kile chuma, sentensi moja ingetosha, "Kiache, hatujui ni kipi." Ungeona haya dakika mbili, basi. Badala yake ukamtuma amsalimie mke wake.

Sasa nisikilize, na usiniandikie tena kuniuliza kama ni lazima.

Utakwenda kwa Ma wewe mwenyewe, bila mumeo na bila lile boksi la matunda la kuombea radhi ambalo najua umeshaliwaza. Utasema, "Nilijua sijui, nikakuachia." Hivyo hivyo, bila kuongeza macho ya mumeo, bila kuongeza kimchi ya Gongju. Shaba yake utamrudishia. Kisha mwende wote wawili kwa mwenye lori mkamweleze kwamba Ma alidanganywa na rangi yako, ili kama jina la mtu linachafuka, lisiwe la Ma. Huenda akawafukuza. Akiwafukuza mtakuwa mmekwenda.

Jumatatu mnakwenda hospitali ya macho. Ukungu mwingine huondolewa na mwingine hauondolewi, sijui wake ni upi, na wewe hujui, na yeye hajui, kwa sababu mmekuwa na kazi ya kuficha. Akikataa, mwambie mimi nimesema kwamba mtu aliyekiri mbele ya mafundi watatu hawezi kuogopa daktari mmoja.

Na kila chuma kwenye rafu yenu, kabla ya kumpa mtu, kigongwe alama kwa nyundo kwenye ncha zote mbili. Alama ya kugongwa kidole kinaisoma. Kisicho na alama kipite kwenye jiwe, na mumeo ndiye akisome, mlango ukiwa wazi. Ma amesema hatachukua tena chuma kwenu kwa kutazama rangi, atachukua tu kile ambacho kaka yake amekisoma. Wewe uliniambia hilo kwa uchungu, kama adhabu. Lisikilize tena. Miaka miwili mtaa ulikuwa hauna msomaji wa cheche, sasa unaye.

Kile chuma cha pili, ulichokipaka njano, kifuteni. Na ukitaka kukipaka rangi yake ya haki, brashi mpe yeye. Wewe shika makopo. Najua atakuuliza kwa kunong'ona kopo lipi ndilo jekundu, kama alivyozoea kukunong'oneza miaka miwili hii ili jirani asisikie. Usimnong'oneze. Mwambie kwa sauti ya kawaida, mlango ukiwa wazi: hili hapa, Baba Bo-ram, la mkono wa kushoto.